Kwenda masaa 12, kurudi masaa 14: swali la Mama lililoninyima raha

Skrini ilikuwa imeandika 6:11.

Yaani masaa sita na dakika kumi na moja zimebaki. Mama alikuwa ameshaizoea ile skrini ya nyuma ya siti, filamu hakutaka, muziki hakutaka, yeye alikuwa anaangalia ramani tu, kale kandege keupe kanakotambaa juu ya bluu tupu na zile namba zinazobadilika pembeni. Tulikuwa tumetoka Sydney tunaelekea Johannesburg kuunganisha ndege nyingine, na chini yetu hakuna nchi, hakuna kisiwa, maji tu. Mi nikasinzia kidogo. Akanigusa mkono.

"Mwanangu, hebu tazama hapa. Ilikuwa sita na kumi na moja, sa hivi inasema sita na kumi na tisa. Kwani tunarudi nyuma?"

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kompyuta tu, inajichanganya. Lala."

Hakulala. Akakaa kimya kidogo halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anajisemea: "Njia ya kurudi ni ndefu kuliko ya kwenda."

Na mimi kwa kujiamini kabisa nikamjibu kwamba njia ni ile ile Mama, umbali haubadiliki.

Jibu hilo limenikaa kooni wiki tano sasa.

## Hesabu iliyokataa

Tuliporudi nilikuwa na kazi zangu nyingi na ningeweza kabisa kulisahau lile jambo, ila kila nikikaa peke yangu namuona Mama na kidole chake kwenye skrini. Nilimnyamazisha. Sikumjibu, nilimnyamazisha, na nilifanya hivyo kwa sababu sikuwa na jibu na sikutaka aone kwamba sina.

Usiku mmoja nikachukua simu, nikafungua apu moja ya kupima umbali wa viwanja vya ndege, nikaandika Sydney, nikaandika Johannesburg. Ikaniletea kama kilomita 11,000. Sawa. Ndege kubwa za abiria zikishatulia juu zinakwenda kama kilomita 900 kwa saa, hilo nalijua, wengi tunalijua. 11,000 gawanya kwa 900, unapata masaa 12 na dakika kama 13.

Sasa kwenda tulitumia masaa yasiyofika 12. Kurudi tukatumia karibu 14. Kwa hiyo hesabu yangu haikuwa sahihi kwa safari hata moja, ilikuwa imekaa katikati kama mtu aliyesimama mlangoni, haingii wala hatoki.

Na tofauti ya masaa mawili kwenye njia moja siyo jambo la rubani kuzunguka kidogo kabla ya kutua. Masaa mawili kwa mwendo ule ni kilomita 1,800.

Ndio nikaanza kupata wasiwasi kwamba labda mimi ndiye niliyekuwa sielewi, na Mama alikuwa ameona kitu.

## Nilichokuwa nimekiamini tangu shule

Niseme ukweli, kichwani nilikuwa na jibu moja la zamani. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, si ndio? Basi ndege ikielekea magharibi, ardhi ya huko inakuja kuilaki, na safari lazima iwe fupi. Hili nililibeba miaka mingi bila kulihoji, na nimeshawahi kumweleza mtu kabisa, tena kwa kuchora.

Nikalitazama upya usiku ule. Kwenye ikweta Dunia ina mzunguko wa kilomita 40,075 na inaumaliza kwa siku moja, kwa hiyo ardhi ya pale inakimbia kama kilomita 1,670 kila saa. Hiyo ni kasi kuliko ndege yoyote ya abiria inayoruka leo. Kama kweli ardhi ingekuwa inapita chini yetu hivyo, helikopta ingepanda juu, ikasimama hewani masaa matatu, ikashuka bara jingine. Hakuna aliyewahi kuona hicho kitu.

Kinachosahaulika ni hewa. Hewa yote iliyotuzunguka inazunguka pamoja na Dunia, na ndege iko ndani ya hewa hiyo hata kabla haijawasha injini. Ukiwa ndani ya treni inayokimbia ukarusha funguo juu, zinarudi mkononi mwako, haziendi kugonga ukuta wa nyuma.

Halafu kibaya zaidi kwa nadharia yangu, sisi kutoka Sydney kwenda Johannesburg tulikuwa tunaelekea magharibi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ndefu! Yaani jibu langu la shule halikukosea kidogo, lilikuwa limegeuka kichwa chini miguu juu.

Pale ndipo nilipoacha kujidai nalijua jambo hili.

## Uzi

Jumapili iliyofuata Mama alikuwa kwangu. Mtoto wangu ana tufe la plastiki, lile la dunia, limechubuka kidogo sehemu za Greenland kwa kupigwapigwa. Nikalichukua nikaliweka mezani nikamwambia, "Mama, lile swali lako la kwenye ndege, naomba tulitafute wote."

Akanitazama. Akasema, "Nilijua hukunijibu."

Mama ameshona nguo maisha yake yote, kwa hiyo uzi haumpi shida. Nikamwomba aweke ncha moja Sydney, nyingine Johannesburg, halafu auvute mpaka ukaze. Mtoto akawa anashika tufe lisizunguke, anasema "Bibi vuta, Bibi vuta." Mama kwanza aliulaza uzi moja kwa moja kuelekea magharibi, kama mstari wa rula, ukapita katikati ya Bahari ya Hindi. Lakini alipoukaza ule uzi haukukubali kukaa pale. Ukateleza wenyewe kuelekea chini, kusini, ukapinda mpaka maeneo ya latitudo ya digrii 50 hivi, huko ambako kwenye tufe hakuna jina la kitu chochote, ukatulia. Na mkononi mwake kukawa kumebaki kipande cha uzi cha ziada, kama upana wa ukucha wa kidole kidogo.

Akakishika kile kipande akakitazama sana. "Kumbe huku chini ndio karibu."

Hiyo inaitwa njia ya duara kuu. Ukikata tufe katikati kabisa kwa kisu kinachopita kwenye viwanja vyote viwili, ukingo wa pale ulipokata ndio njia fupi kuliko zote. Nilipiga hesabu baadaye, ile njia ya rula ni ndefu kwa kilomita zaidi ya 800, hiyo ni karibu saa nzima angani. Ramani ya ukutani ndiyo inayotupotosha. Ile tuliyoizoea asili yake ni ya Gerardus Mercator, aliichora mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili mtu akishika upande mmoja wa dira mstari wake utoke mnyoofu kwenye karatasi. Kwa kazi hiyo ni ramani nzuri mno. Ila gharama yake ni kwamba kadiri unavyokaribia ncha za Dunia inavutika kama mpira, na njia fupi zinaonekana zimepinda. Ndio maana ndege ya Tokyo kwenda New York inapandisha mpaka Alaska na watu wanashangaa imepotea au vipi.

Kwenye ndege Mama alikuwa ameniuliza pia mbona kandege kameshuka chini sana badala ya kunyoosha. Nalo hilo nilikuwa nimemwambia alale.

Basi tukafurahi pale, tukadhani tumemaliza. Mpaka Mama mwenyewe alipoushika tena ule uzi kwa ncha mbili, akaugeuza, ncha ya Sydney ikawa Johannesburg na ya Johannesburg ikawa Sydney. Akauvuta.

"Ni ule ule," akasema. "Uzi haujaongezeka. Kwa hiyo bado hujanijibu."

## Karatasi ya siti

Kilichotuokoa kilitoka kwenye mkoba wake.

Mama ana tabia ya kuandika vipimo. Kiuno, bega, urefu wa mkono, popote penye karatasi. Akafungua mkoba akatoa vile vikaratasi vya kupandia ndege, cha kwenda na cha kurudi, alikuwa amevitunza vyote, na nyuma ya kila kimoja kulikuwa na namba kwa kalamu ya bluu. Ya kwenda: 1,013. Ya kurudi: 771.

"Hizi zilikuwa kwenye skrini," akasema. "Sikujua ni za nini ila niliona zinatofautiana."

Ilikuwa ni kasi juu ya ardhi, yaani kilomita za ardhi ambazo ndege inazipita kwa saa. Nilihisi joto usoni, nakuambia. Mimi nilikuwa nimekaa siti ya pembeni yake masaa yote yale na skrini ile ile mbele yangu na sikuona chochote.

Jumlisha hizo namba mbili, unapata 1,784. Gawanya kwa mbili, 892. Hiyo ndiyo ile 900 yangu, mwendo wa ndege yenyewe ndani ya hewa, na ndio maana hesabu yangu ya mwanzo ilikuwa imesimama katikati. Sasa toa namba ndogo kwenye kubwa, unapata 242, nusu yake 121. Hicho ni kitu kinachosukuma kama kilomita 121 kwa saa upande mmoja, na kuzuia kiasi hicho hicho upande mwingine. Najua zilikuwa siku mbili tofauti na dakika mbili tofauti, kwa hiyo ni makadirio, lakini mbele yetu jibu lilikuwa limeshakaa kwenye karatasi.

Mama akalisema kabla yangu. "Upepo."

## Mito ya juu

Ni kweli, upepo. Lakini siyo huu tunaoujua wa kuanika nguo.

Ikweta kuna joto, kwenye ncha kuna baridi, na tofauti hiyo ya joto ndiyo inayoisukuma hewa ya juu, halafu mzunguko wa Dunia unaipindisha, matokeo yake inajikusanya na kukimbia kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye mikondo myembamba yenye kasi. Kaskazini iko hivyo na kusini iko hivyo. Wenyewe wanaiita jeti strimu. Iko juu kama kilomita 9 mpaka 12, yaani pale pale ndege za safari ndefu zinapopenda kuruka, na siku nyingine inazidi kilomita 300 kwa saa. Kwa hiyo Dunia kuzunguka kweli kumo kwenye jibu, ila kwa mlango mwingine kabisa na kinyume cha nilivyofikiri mimi: ni kupitia upepo, na anayefaidika ni anayekwenda mashariki.

Kuna habari moja hapa nimeipenda mno na nimemsimulia kila mtu. Mmoja wa watu wa kwanza kuipima mikondo hii alikuwa Mjapani, mtaalamu wa hali ya hewa, Wasaburo Ooishi. Miaka ya 1920 alikuwa anarusha maputo angani na kuyafuata kwa darubini, akaona huko juu ya Japani kuna upepo mkali ajabu. Akataka dunia nzima ijue, na mwaka 1926 akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, ile lugha iliyotungwa ili watu wa mataifa yote waelewane. Karibu hakuna aliyesoma. Mwaka 1944 ndege za Marekani za kivita zilipofika juu ya Japani marubani wakakutana na upepo ambao hawakuutegemea kabisa, na kumbe mtu alishaupima akauandika, karibu miaka 20 nyuma.

Ninamfikiria sana huyu mzee. Alikuwa na jibu na alilitoa kwa moyo safi.

Na upepo huu ukitaka kukuonyesha nguvu zake, tazama Februari 2020. Dhoruba iliyoitwa Ciara ilikuwa juu ya Atlantiki ya kaskazini, na ndege moja ya British Airways, Boeing 747, ikatoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56. Njia ambayo kawaida ni masaa sita na kitu. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, watu wakaanza kusema imevunja kasi ya sauti, hapana, haikuvunja. Ndani ya hewa yake ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kila siku. Ni hewa yenyewe iliyokuwa inahama, ikaibeba ndege.

Mabaharia wetu wa zamani walikuwa na maneno ya hili, upepo wa omo unaokupiga usoni na upepo wa tezi unaokusukuma kutoka nyuma. Nilipomtajia Mama akacheka, akasema babu yake alikuwa anasema hivyo, "leo tuna wa tezi," hata akiwa anatembea kwa miguu.

## Kilomita za hewani

Hapa sasa ndipo penye kile kilichonigeuza.

Ndege haisukumi ardhi. Inasukuma hewa. Mafuta yanaungua kwa ajili ya kupita kwenye hewa, mabawa yanabebwa na hewa, na chombo chote hakijui ardhi iko wapi mpaka magurudumu yaguse. Kwa hiyo wanaopanga safari wana hesabu ya umbali wa ardhini na wana hesabu ya umbali wa hewani, na siyo namba moja.

Chukua safari yetu ya kurudi. Masaa karibu 14, toa nusu saa hivi ya kutembea uwanjani mwanzo na mwisho, yanabaki 13 na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 900 ndani ya hewa, tulipita kwenye hewa ya kilomita kama 12,000. Safari ya kwenda, kwa hesabu hiyo hiyo, hewa tuliyopita ni kama kilomita 10,200 tu.

Ardhi ni 11,000 kote kote. Uzi haujaongezeka. Ila ndege iliyotubeba kurudi ilifanya kazi ya kilomita 1,800 zaidi.

"Njia ya kurudi ni ndefu kuliko ya kwenda."

Mama alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi palepale kwenye siti, bila apu, bila tufe, na mimi niliyemrekebisha ndiye niliyekuwa nimekosea. Nilikaa na hilo siku kadhaa kabla sijampigia simu kumwambia, na nilipomwambia akasema tu "Eeh," kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Na zile dakika nane zilizoongezeka kwenye skrini hazikuwa kompyuta kujichanganya. Yale masaa yaliyobaki ni makadirio, yanafuata kasi juu ya ardhi. Ndege ikiingia kwenye upepo mzito zaidi wa omo, kasi inashuka, na kilomita zile zile zilizobaki zinahitaji muda zaidi. Mama aliuona upepo ukiingia. Aliuona kwa namba, lakini aliuona.

Kuna jambo jingine dogo nililigundua hapo hapo na limenisumbua kivyake. Nilikuwa nafikiri upepo ukikuchelewesha kwenda utakulipa wakati wa kurudi, mambo yanakuwa sawa. Hayawi sawa. Chukua upepo wa kilomita 85 tu: ukiwa nao usoni unakwenda 815, kilomita 11,000 zinakula masaa 13 na nusu. Ukiwa nyuma yako unakwenda 985, masaa 11 na dakika 10. Jumla masaa 24 na dakika 40. Bila upepo kabisa ingekuwa 24 na dakika kama 27. Umepoteza dakika 13 na hazirudi, kwa sababu ule upepo mbaya unakaa nao muda mrefu kuliko ule mzuri.

Ndio maana marubani hawaufuati ule uzi wa Mama kama sheria. Wanaokwenda mashariki wanautafuta mkondo, hata kama ni kuongeza kilomita. Wanaokwenda magharibi wanaukwepa. Kwenye njia hii ya Sydney na Johannesburg kuna siku ndege ya kuelekea magharibi inashuka kusini zaidi hata ya pale uzi ulipotulia, inarefusha njia ya ardhini ili ifupishe ya hewani. Na kule Singapore mpaka New York, kilomita kama 15,300, ambayo ni moja ya safari ndefu kuliko zote za abiria na inazidi masaa 18, ndege zinaweza kupita upande wa Pasifiki au upande wa Atlantiki, kutegemea upepo wa siku hiyo umelala vipi. Fikiria hilo, viwanja viwili vile vile, leo bahari hii, kesho bahari nyingine.

## Tiketi inasema nini

Kuna mkanganyiko mwingine wa haraka haraka, nauweka hapa kwa sababu najua wengine umewapata. Ndege ya kutoka Sydney saa nne asubuhi inaweza kuandikwa inafika Johannesburg saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Mtu anahesabu vidole, masaa sita! Hapana. Kila saa imeandikwa kwa muda wa mji wake, na kati ya miji hiyo kuna tofauti ya masaa nane, au tisa wakati Sydney wamesogeza saa zao mbele. Sita jumlisha nane, kumi na nne.

Halafu muda wa kwenye ratiba hauanzi magurudumu yakiacha ardhi. Unaanza pale kabari zinapoondolewa chini ya matairi na unaisha zikirudishwa kwenye kiwanja cha pili, kwa hiyo ndani yake kuna kusubiri foleni ya kuruka, kuna kuzunguka juu ukisubiri nafasi ya kutua, kuna na dakika za akiba ambazo shirika limejiwekea. Ndio maana wakati mwingine mnachelewa kuondoka na bado mnafika kwa wakati.

## Siyo upepo peke yake

Nilivyozidi kuchimba nikaona kuna mengine yanayorefusha njia, na hili limenigusa kuliko nilivyotegemea.

Helsinki mpaka Tokyo ilikuwa masaa kama tisa, ndege ya Finnair inapita juu ya Urusi. Mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, anga la Urusi likafungwa kwao, na safari ikawa kama masaa 13, siku nyingine kwa kupita karibu na Ncha ya Kaskazini. Viwanja havikusogea hata hatua moja. Na kumbe shirika hilo hilo lilishapita huko juu tangu mwaka 1983, enzi ambazo anga la Wasovieti lilikuwa limefungwa vile vile, na ndege nyingi za kati ya Ulaya na Japani zilikuwa zinashuka kwanza Anchorage, kule Alaska, kujaza mafuta.

Na kuna sheria ya injini mbili. Ndege yenye injini mbili hairuhusiwi kwenda popote inapotaka juu ya bahari, lazima kila wakati iwe ndani ya muda fulani kutoka uwanja ambao inaweza kuufikia kwa injini moja ikiwa nyingine imekufa. Zamani muda huo ulikuwa dakika 60 tu. Mwaka 1985 wakaruhusu 120, na kufikia 2014 Airbus A350 ikawa imekubaliwa mpaka dakika 370. Kule kusini mwa Bahari ya Hindi ambako uzi wa Mama ulitulia, hakuna viwanja. Kwa hiyo miaka mingi ile njia fupi ilikuwepo kwenye tufe lakini ilikuwa ya ndege zenye injini zaidi ya mbili.

Niliposoma hilo nikakumbuka ule weusi wa nje ya dirisha, na Mama kaniegemea begani, na mimi nimemwambia alale. Tulikuwa tumepita mahali ambapo watu walihesabu dakika kwa dakika ni wapi tungekwenda kama injini ingezima.

## Juzi

Juzi mdogo wangu, yule tuliyekwenda kumtembelea, alikuwa anakuja. Sydney, Johannesburg, halafu kwetu. Mama alikuja tangu asubuhi akaniomba nimfungulie ile ramani ya ndege kwenye simu, akaiegemeza kwenye kikombe mezani, akavaa miwani. Mtoto akamletea tufe na uzi bila kuambiwa.

Nikamuuliza, "Mama, unadhani atatumia masaa mangapi?"

"Anakwenda magharibi," akasema. "Kumi na nne, au karibu."

Nikaendelea na kazi zangu, nikirudi namkuta ameandika. Ameandika 802, ameandika 790, ameandika 764, kwa mstari mmoja mnyoofu kama vipimo vya mtu mmoja anayekua. Saa za kufika zilikuwa zimesogea mbele dakika sita. Nilitaka kumwambia asijali, ni kawaida, na nikajizuia.

Hakuinua macho. Akagonga skrini taratibu na ile kalamu ya bluu, pale kandege kalipokuwa, katikati ya bluu tupu.

"Wameukuta sasa," akasema. "Hapa hapa ndipo na sisi tulipoukuta."